Shangazi wa Mtindo Mmoja

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuwafundisha prodyuza wa muziki wanaoanza, mwenzetu ambaye chuo kizima kinamwita Shangazi anastaafu tarehe 30 Juni. Aliajiriwa kufunga nyaya na kufuta vumbi kwenye spika. Mwaka wa pili fundi aliyekuwa akifundisha darasa la prodyuza aliacha kazi ghafla, Shangazi akaombwa alishikilie kwa wiki mbili. Hakulirudisha.

Sheria yake mnaijua. Siku ya kwanza kila mwanafunzi huchagua mtindo mmoja wa muziki, huuandika kwenye selotepu na kuibandika juu ya kompyuta yake. Aliyeandika rege atashinda na rege mwaka mzima. Binti mmoja aliandika nyimbo za kwaya asubuhi, akajuta kabla ya chai, na bado alimaliza mwaka na kwaya zake. Waliojaribu kubandua walikiona cha mtema kuni.

Mimi ninayefundisha mwaka wa pili nilibishana naye miaka kumi na moja. Nilishikilia kwamba anayeanza aonje kila kitu, ajue sikio lake linapenda nini. Mwaka jana Shangazi alichukua likizo kumuuguza dada yake, nikaachiwa darasa. Sikulaza damu: selotepu zote nilizibandua siku hiyohiyo.

Darasa lilichangamka, nami nikavimba kichwa. Wiki moja kabla ya maonyesho, ambayo bodi ya chuo ingeyatumia kuamua kama darasa libaki au lifutwe, nikamwomba kila mmoja wimbo wake. Wanafunzi kumi na wanne walinipa vianzio vya nyimbo sitini na tatu. Vitamu kwelikweli, ila hakuna hata kimoja kilichofika dakika ya pili. Maji yalinifika shingoni, nikampigia simu.

Alikuja kesho yake. Walimu walitega masikio wasikie nikisemwa, lakini hakunisema. Aliketi na kila mwanafunzi, akasikiliza vyote, akamtaka achague kimoja akimalize. Siku ya maonyesho zilipigwa nyimbo kumi na nne, kila wimbo na mwisho wake. Bodi ilipotangaza kwamba darasa linabaki, nilijifungia stoo ya nyaya nikalia kwa faraja, na sioni aibu kuyaandika haya.

Baadaye Shangazi alikiri, kwa shida kidogo, kwamba wimbo uliompendeza kuliko zote ulichanganya kwaya na rege, na usingezaliwa chini ya sheria yake. Basi tumeafikiana: mwezi mmoja wa kuonja, kisha mtindo mmoja hadi mwaka uishe. Mwezi huo tuliupigania wiki tatu. Darasa sasa ni langu, na kwa mara ya kwanza siliogopi.

Asante, Shangazi, kwa kutufundisha kumaliza tulichoanza. Dada yako amepona, kazi umeikabidhi, na afya unayo. Kaa kitako nyumbani, fungulia redio, na usikilize mtindo wowote unaoutaka.