Alhamisi za Enoki

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu na majirani mliokaa na blanketi zenu kwenye baridi hii, mimi ni Ida, dada wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Marehemu Enoki Nikodemo Mgaya alizaliwa tarehe 14 Agosti 1994 hapa kijijini, mtoto wa mwisho wa marehemu mzee Nikodemo na mama yetu Telesia, akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 2002 hadi 2008, kisha sekondari ya kata hadi 2012, na mimi niliyeishia darasa la saba ndiye niliyempikia uji kabla hajatoka.

Mwaka 2013 alikwenda Makambako, akapata kazi ya kupima na kupanga mbao kwenye yadi, hadi Oktoba 2015 alipoanza kusikia mbao zikimsema, akarudishwa nyumbani na wenzake wawili waliomshika mikono njia nzima ndani ya basi ili asifungwe kamba, nao wapo hapa leo.

Hakuoa wala hakuacha mtoto, ila wanangu wawili aliwabeba mgongoni, mmoja baada ya mwingine, wakalala huko.

Wazee walishauri nisome kwamba aliugua kwa muda mfupi, nimejaribu kuandika hivyo, mkono umekataa. Miaka mitatu na zaidi tulihangaika naye kwa maombi, dawa za miti na kamba, mpaka tarehe 6 Juni 2019 huduma ya mkoba ya wagonjwa wa akili ilipoanza kuja zahanati yetu kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, wagonjwa sita, nesi mmoja, Scholastica. Dawa ile ya sindano ni nzito kama mafuta ya kupikia, na kwa baridi ya huku inauma sana ikiingia, hivyo nesi alikipasha moto kichupa kwapani kwanza, akimtania, "Shemeji, leo nakupa ya moto kama ugali," naye Enoki akijibu, "Basi lete na mboga, nesi." Alirudi kulima viazi, akaimba kwaya, akawa yeye ndiye anayetukumbusha siku ya sindano.

Tarehe 8 Januari 2023 tulimtolea shukrani kanisani, jogoo na madebe mawili ya mahindi, tukasema mbele yenu kwamba Enoki amepona, mkapiga vigelegele. Tarehe 2 Februari alishika kadi yake akaniambia, "Dada, Alhamisi imefika," nami nikamjibu, "Enoki, tumeshashukuru, watu watatuonaje tukirudi pale?" Akairudisha kadi kabatini, hakubisha, na laiti angebisha.

Mwezi Machi nesi alihamishwa, mkoba ukakoma, hakuja mwingine. Mwaka 2024 sauti ziliporudi tukaambiwa tumpeleke hospitali Njombe, lakini alikuwa ameshaogopa magari, tukampakia mara mbili, mara mbili akaruka. Mama akamfungia chumbani asipotee, akimpa chakula kwa dirisha na kukaa hapo nje mpaka amalize, hadi Jumatano tarehe 9 Julai 2025 tulipokuta dirisha limeng'olewa, naye akapatikana asubuhi hiyo kwenye shamba la mipaina, bila shati, barafu kwenye nywele, amekwisha kufariki. Alikuwa na miaka thelathini na miezi kumi.

Tunamshukuru daktari aliyeupima mwili, akampa mama kiti kwanza ndipo akamweleza, tunamshukuru jirani yetu Filemoni aliyevua koti lake akamfunika Enoki kule shambani, ingawa alijua halimsaidii tena, na hajataka kurudishiwa, tunawashukuru wanakwaya, na nesi Scholastica aliyesafiri tangu jana kutoka Matamba. Nesi, asubuhi nilikuuliza kama huduma itarudi, ukanishika mkono, ukasema hujui.

Wenzake watano mliochomwa sindano pamoja naye, pamoja na mama zenu, nawaona mlipokaa, nilitaka kuwaambia jambo la kuwatia moyo, sina. Nimekwenda zahanati mara mbili, wameniambia nisubiri, na wawili kati yenu mmeshaanza kufungiwa ndani.

Nawe Enoki, mdogo wangu, ulijua kuliko sisi sote kwamba hujapona. Pumzika mahali ambapo hakuna sauti ya kukusema, hata ya kwangu.