Mzee Diriye Sugow, Aliyewaandikia Barua Watu wa Garissa (1904–1967)

Alio Nunow, mkwe wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea haya, alimwona marehemu mara ya kwanza Jumanne, tarehe 9 Februari 1965, wiki moja baada ya Idi. Marehemu alikuwa ameketi chini ya turubai lake sokoni Garissa, na mbele yake karatasi, kalamu ya wino na kikombe cha chai ya maziwa.

Alio alikuwa mpakiaji wa lori kutoka Mandera. Lori lao lilikuwa limezuiwa Garissa kwa sababu ya vita, na bila kibali hakuna aliyeruhusiwa kurudi. Katika kungoja huko alimwona Arbia, mjane aliyeuza maziwa sokoni, na usingizi ukamruka. Wazee wake, waliostahili kuja kumposea, walikuwa wamefungiwa Mandera. Aliambiwa tu kwamba baba yake Arbia huitwa Dheere, yaani Mrefu. Alio aliwahi kufika darasa la nne, kwa hiyo alijaribu kuandika mwenyewe, lakini kila barua aliichana kwa aibu. Ndipo akaenda kwa mwandishi wa barua.

"Andika hivi, adeer," alisema, akimwita ami kwa Kisomali. "Mheshimiwa Mzee Dheere, kwa heshima na taadhima, mimi mja mnyonge niliye chini ya miguu yako..."

Marehemu aliweka kalamu chini. "Huyu unamposa binti yake, au unaomba ukarani?"

"Namposa binti."

"Basi toka chini ya miguu ya mtu. Binti ulimwona wapi?"

"Hapa. Anauza maziwa."

"Wauza maziwa hapa ni wengi. Huyu ana nini?"

Alio hakujua aweke wapi mikono yake. Akaona kikombe, akakichukua, akanywa chai ya mzee wa watu mpaka majani. "Akiona maziwa yamechacha," alisema, "humwambia mteja kabla hajaulizwa. Na akitaka kukwambia jambo la kuchekesha, hucheka kwanza yeye, halafu ndipo anakwambia."

Marehemu aliyaandika hayo. "Na wewe una nini?"

"Ngamia wanne Mandera, kama wapo hai."

"Niandike 'kama wapo hai'?"

"Andika, adeer. Sitaki kumdanganya baba wa watu."

Marehemu alimaliza, akaikunja barua, akaitia mfukoni mwake. Alio alimkumbusha kwa upole kwamba hiyo ni ya Mzee Dheere. Hapo marehemu akainuka, akaendelea kuinuka, mpaka kichwa chake kikasukuma turubai.

"Imefika," alisema. "Sasa tungoje mwenye maziwa aseme mwenyewe."

Jioni ile Arbia alisomewa barua. Alicheka kwanza, halafu ndipo akakubali. Nikaha ilifungwa Ijumaa, tarehe 19 Machi.

Marehemu alizaliwa mwaka wa 1904 karibu na Wajir, kwa mfugaji Sugow na mkewe Shurie. Alisoma Kurani kwa ubao wa mti, akiwa nyuma ya ngamia wa baba yake. Herufi za Kiswahili alifundishwa na karani mmoja huko Isiolo, alikokuwa akichunga ng'ombe wa karantini. Alimlipa mwalimu wake kwa maziwa. Mwaka wa 1934 alimwoa Bi Hinda Yarrow, ambaye husema alikubali kwa kuwa mwanamume huyo angeweza kufunga kamba za paa bila ngazi. Walijaliwa Noordin na Arbia.

Mwaka wa 1948 alihamia Garissa na kuanza kazi ya barua. Vita vilipoanza, watu walimjia wakiwa na hasira na hofu, na barua nyingi zilifunguliwa njiani. Mwaka wa 1966, watu wa kijiji kimoja kilichozungushiwa ua na kulindwa na askari walimtaka aandike kwa ofisa kwamba wameonewa, wamedhulumiwa, wamekwisha. Lango lilifungwa saa kumi na mbili, na ng'ombe wakabaki nje. Marehemu aliwauliza jambo moja tu: usiku mnasikia nini? Kisha akaandika kwamba ndama hulia ndani ya ua, mama zao huitika nje, na watoto wadogo wameanza kuitika pia. Neno "dhuluma" halikuwemo hata mara moja. Ofisa alikuja jioni kusikiliza mwenyewe, akasimama langoni. Tangu juma lile, lango halikufungwa kabla ng'ombe hawajaingia.

Mwezi wa Agosti mwaka huu marehemu alianza kuugua kifua, akatibiwa hospitalini Garissa. Redio iliposema vita vinakwisha, alimwambia Alio, "Sasa nenda Mandera ukaone kama wapo hai." Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 1967. Waliochimba kaburi waliambiwa waongeze urefu, wakaongeza, na bado haukutosha.

Amewaacha mkewe Bi Hinda, wanawe Noordin na Arbia, mkwewe Alio, na mjukuu wake Timiro, ambaye ameanza kusimama na tayari miguu yake inaonyesha ni ya nani. Mwenyezi Mungu amsamehe, amkunjulie kaburi lake, na ampe pumziko jema.

Siku zake za mwisho alimwomba Alio aandike wasifu huu kwa Kiswahili, ili rafiki zake wa sokoni na wa ofisini wausikie. Alio alisema hawezi kusimama mbele ya watu.

"Utasoma ukiwa umeinamia karatasi," alisema marehemu. "Ila usiandike nilikuwa mtu mwema. Kila maiti ni mtu mwema."

Jumatano jioni Alio alimsomea aliyoyaandika. Marehemu alisikiliza hadi mwisho akiwa amefumba macho, na Alio akadhani amelala. Akaanza kukunja karatasi taratibu.

"Na chai yangu, Alio?" alisema marehemu. "Mbona hukuandika kwamba uliinywa yote?"