Mwalimu Kwa Nini na Foleni ya Mashine

Waliosoma kwake wanaukumbuka mlio mmoja: chaki ikigonga ubao mara mbili, ko, ko. Maana yake, toa sababu.

Marehemu baba yetu, Mwalimu Kwa Nini, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, fundi saa. Alikuwa wa tatu kati ya watoto watano.

Alianza shule mwaka 1956. Siku moja kioo cha dirisha kilivunjika, darasa zima likachapwa. Akauliza, "Na mimi nimekosa nini?" Akaongezewa viboko viwili. Swali hilo hakuliacha. Alihitimu falsafa chuo kikuu mwaka 1974.

Alifundisha maadili chuoni kwa miaka thelathini na minne. Alitaka kujua kama tunapomhukumu mtu inasema akili au unasema moyo. Na kama haki huzaliwa na mtu, au ni kitu tunachopeana. Alikuwa akiandika kisa ubaoni, wanafunzi wananyoosha mikono kuamua. Kisha anafuta jina la mhusika na kuandika "mama yako". Aliyebadili uamuzi alisimama ajieleze.

Tarehe 12 Juni 1976 alimwoa mama yetu, fundi cherehani. Walikutana wakigombea mabaki ya kitambaa cha suruali aliyomshonea. "Mwalimu, haki yako ni suruali," mama alimwambia. "Vipande ni vyangu." Alirudi siku tatu kubisha. Ya nne akaleta posa.

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2021. Mashine ya kusafisha damu hospitalini ilikuwa moja, na utaratibu wa foleni aliuandika yeye mwenyewe alipokuwa kwenye kamati ya maadili ya hospitali hiyo. Januari mwaka huu alikuwa wa saba. Mimi, binti yake na kifungua mimba wake, nilimwomba daktari, mwanafunzi wake wa zamani, amsogeze awe wa kwanza. Daktari akakubali. Baba akakataa.

"Lakini wewe ni baba yetu!"

"Na wale sita hawana watoto?"

Alifariki tarehe 4 Februari 2024, mbele yake wakiwa wamebaki wawili.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Mungu ampumzishe pema.

Siku ile alipokataa nililia, nikamwomba radhi. Aligonga ubao wa kitanda kwa kidole, mara mbili. Nikasema ni kwa kuwa nampenda. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo sana:

"Kupenda hukukosea, mama. Ulikosea foleni."