Vichupa vya Bibi Harusi

Mwatima: Haloo? Nani mwenzangu?

Hasna: Mie Hasna, shangazi, niko maabara chuoni. Shikamoo.

Mwatima: Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu, hapa mtaani Xiaobei mtandao unakatakata. Duka sikufungua, niko nyumbani na Fathiya, bibi harusi wetu. Haya, vile vichupa vya dawa ya ngozi umeshavipima? Kontena linafungwa bandarini Nansha kesho.

Hasna: Usivipakie.

Mwatima: We Hasna, usianze. Laoban, yule bosi Mchina wa kiwanda, kanambia ni vifuko vidogo tu, seli hai huvitoa, ngozi ikivipata inarudi uchanga—

Hasna: Vifuko vimo. Na virusi vya homa ya ini vimo.

Mwatima: Si wavichuje?

Hasna: Shida kuvitenga. Ukubwa wake karibu mmoja, na ngozi ya nje ni ya seli ileile. Vingine vinajificha ndani ya vifuko. Nimekaa kwenye darubini sijui kipi ni kipi. Naogopa, shangazi.

Mwatima: Seli zenyewe za nani?

Hasna: Za kondo la mwanamke aliyejifungua. Hatumjui. Pengine mwenyewe hajui kama anaumwa.

Mwatima: [mlango unafungwa]

Hasna: Shangazi?

Mwatima: Mie navitumia tangu Ramadhani. Siuzi kitu mpaka nikijaribu mwilini mwangu, unanijua. Mbona mzima?

Hasna: Unapaka tu, au—

Mwatima: Na rola. Ile ya visindano.

Hasna: Ugonjwa huu hukaa bila dalili. Njoo upimwe.

Mwatima: Kinga yake?

Hasna: Ipo chanjo, na sindano. Lakini ni za siku za mwanzo.

Mwatima: Za mwanzo.

Hasna: Wewe… tutapima kwanza. Fathiya hajavigusa, lakini? Nambie hajavigusa.

Mwatima: Mwanangu anasingwa, Hasna. Harusi Ijumaa.

Hasna: Najua. Nauliza vichupa.

Mwatima: Nilivichanganya kwenye singo ya kumsugulia. Jana. Akasema, mama, nipitishie na rola, nitakate kama wewe.

Hasna: Rola yako?

Mwatima: [mtandao unakwaruza] Yangu.

Hasna: Jana bado mapema. Alichanjwa utotoni?

Mwatima: Sikumbuki. Wakwe wakijua—

Hasna: Mlete sasa hivi, shangazi. Nawangojea hospitali, mlangoni.

Mwatima: Chaji inakwisha. Fathiya, njoo. Vaa viatu.

Hasna: Amekubali?

Mwatima: Anacheka tu. Ananiuliza mbona namtazama hiv—