Pompi ya Maman Neema

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Nimeandika kwa sababu nikisimama mbele yenu sauti inapotea, na hilo mnalijua.

Ilianza Jumanne, saa moja na nusu ya asubuhi. Nilikuwa nimeoga, Maman amenipaka mafuta miguuni, nimevaa blauzi ya kwaya. Kwetu Nkanka hatuendi hospitali na vumbi. Kisha Maman akatoa pompi, kile kidude cha kuvutia dawa kwa mdomo. Alikuwa ameiazima kwa jirani yetu, Maman Neema, anayefanya biashara Bukavu.

“Vuta. Sitaki ukohoe mbele ya muganga, batasema nakuchunga vibaya.”

Nikavuta mara mbili, kifua kikafunguka.

Ndugu zangu, tangu mwaka wa kwanza wa sekondari kifua changu kilipiga filimbi kila tulipokimbia. Bwenini wasichana waliniita Kordeoni, kile kinanda cha kukunja na kukunjua. Msimamizi wetu alisema najifanya. “Leta karatasi ya muganga. Bila karatasi, utakimbia kama benzako.” Karatasi hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaifuata.

Aliyetupokea hospitalini ni Madame Josiane, mama anayepima pumzi. Akamuuliza Maman, “Amevuta dawa yoyote leo?”

“Hapana, madame. Hata chai hajakunywa.”

Mimi niliangalia viatu vyangu.

Akanibana pua kwa kibanio, akanipa mrija wa karatasi ulioungwa na mashine. Mara ya kwanza nilipuliza kwa adabu, kama mtu anayepoza uji. Akacheka. “Huyu anapuliza kama bibi harusi. Mutoto, sahau kama tuko hapa. Maliza pumzi yote.” Akainama pamoja nami, “endelea, endelea, endelea,” mpaka mishipa ya shingo yake ikasimama, kama vile pumzi ilikuwa yake. Sijaona mtu anayefanya kazi hivyo. Nilijiuliza amepuliza na wagonjwa wangapi tangu asubuhi.

Mstari ukapanda vizuri kwenye mashine.

“Maman, kifua ya mutoto iko muzima.”

Maman akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikaanza kulia. Karatasi ile ingesema mimi ni mwongo, na ningekimbia mpaka nianguke. Lakini nikisema kweli, mwongo angekuwa Maman. Tulikuwa tumeshafika kwenye lango. Nilitaka kuomba kama mnavyoomba nyinyi, maombi marefu, ila maneno yaliyokuja yalikuwa mawili tu: Nipe mdomo.

Nikarudi peke yangu, nikagonga.

“Madame, nilivuta. Asubuhi. Maman hakuwa na nia mbaya, alitaka nifike msafi.”

Hakukasirika. Alitoka mpaka langoni. “Maman, mimi kazi yangu ni kutafuta uchafu. Ukiusafisha kwanza, nitaona nini? Kesho muje bila pompi. Lakini akizidiwa, umupe, tutapanga siku ingine.”

Maman akanivuta mkono, tukarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata hakunipaka mafuta. Aliishika pompi mkononi njia nzima, akiniangalia kila nikikohoa, na hakunipa. Nilipuliza nikipiga filimbi mbele yao wawili, machozi na makamasi, na sikuona haya. Mstari ukabaki chini. Madame Josiane akanivutisha dawa, tukangoja robo saa, nikapuliza tena, na safari hii ukapanda. Alinionyesha mistari yote miwili, wa chini na wa juu, akasema tofauti ile ndiyo pumu inayojionyesha. Akaipeleka kwa daktari, nikaandikiwa dawa yangu mwenyewe, na karatasi ya shule.

Ndugu zangu, ni Bwana aliyenifungua, na alimtumia mama yule na mashine yake. Nawaomba mumtegemee Bwana. Na ukiwa na jambo unaloona haya kulitaja, kwake au kwa muganga, nenda nalo na vumbi lake. Kama umeshatoka, rudi ugonge.

Pikipiki ilituacha barabarani kabla ya saa sita. Nikaanza kupanda njia ya nyumbani, karatasi ndani ya blauzi, na sikusimama hata mara moja. Maman ndiye aliyesimama, mara mbili.

“We Kordeoni,” akaita kutoka chini, “ngoja mama yako.”

Nikamngoja.