Isaac Wekulo na Pande Nne za Santuri

Wachungaji, wazee, majirani wa vijiji vya Mashimoni na Raila, jamaa waliotoka Kawangware tangu asubuhi, na nyinyi wa Soko la Toi mliofunga vibanda vyenu kwa ajili yake, familia inawaomba mkae naye kidogo kabla gari halijashika njia ya Kimilili, mjue huyu aliyelala hapa alikuwa nani. Haya yameandikwa kama mjane wake, Lavender Kageha, alivyoyasimulia, naye alitoa sharti moja tu, kwamba yasipakwe mafuta yakang'aa, yasomwe kama yalivyotokea.

Isaac Wekulo Mukhwana alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 karibu na Kimilili, Bungoma, akiwa mtoto wa tatu wa hayati Mzee Mukhwana na Mama Nasipwondi, ambaye tunaye hapa mbele na ambaye leo anazika mtoto kwa mara ya pili. Mwaka 1981 baba yake alipata kazi ya ulinzi huko Lavington, akaileta familia Kawangware, watu sita katika chumba kimoja cha mabati, na hapo ndipo Isaac aliposoma shule ya msingi na kumaliza darasa la nane mwaka 1988. Januari 1989 alirudi Bungoma kuanza sekondari, akafika kidato cha pili, lakini Oktoba 1990 baba yake alifariki ghafla, na masomo yakaishia hapo.

Februari 1991 mjomba wake alimshika mkono akamleta Kibera, upande wa Makina, kwa Mzee Abdelrahim, Mnubi aliyekuwa fundi wa redio ambaye kila mtu alimjua, na Mzee akamkubali kwa sababu moja. Alimpa redio iliyokufa amwambie ina shida gani, kijana akaigonga kwa ukucha mara tatu, akaiweka sikioni kama mtu anayesikiliza tikiti maji, akasema kuna waya umeachia upande wa spika, na kweli ulikuwa umeachia. Tangu siku hiyo Mzee Abdelrahim alimwita Masikio, na kwa miaka ishirini na mitatu masikio hayo ndiyo yaliyomlisha, kwa sababu wiki nzima alitengeneza redio na amplifaya, Jumamosi alipiga gitaa la solo katika baa moja ya Kawangware, na Jumapili aliamkia kanisani akapiga gitaa lile lile mbele ya madhabahu.

Jumamosi tarehe 17 Agosti 1996, pale Toi, kwa mama mmoja aliyeitwa Gathoni aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumbani vya mitumba, Isaac alikuta chini ya rundo la trei santuri mbili ndani ya jalada moja jekundu. Ilikuwa ni mkusanyo wa bendi ya roki ya Uingereza inayoitwa Tallow Street, watu wanne waliopiga muziki pamoja tangu 1963 hadi walipochoka mwaka 1989, na nyimbo ishirini na sita zilikuwa zimepangwa kwa miaka, kuanzia ule wa kwanza kabisa waliourekodi wakiwa vijana hadi ule wa mwisho. Isaac hakuwahi kuwasikia, na hakuwa na mashine ya kuzipigia.

"Wewe Mbukusu," Mzee Abdelrahim alimwambia alipoziona, "umenunua sahani na hauna hata sufuria."

Ilimchukua wiki tano kuunda mashine kutokana na vipande vya mashine nyingine tatu, na siku ilipozunguka mara ya kwanza alifunga mlango wa karakana akasikiliza pande zote nne. Baadaye alimweleza Mzee kwamba mwimbaji wa bendi ile anaanza upande wa kwanza akiwa mtoto mwenye kiburi, na kufika upande wa nne amekuwa mtu mzima mwenye kikohozi, na kwamba yeye hajawahi kusikia mtu akizeeka namna hiyo bila kuficha. Watu wengi wa Kibera walifikiri ni wazimu, Mbukusu kupenda kelele za Wazungu, lakini waliocheza rumba katika baa ya Kawangware miaka hiyo walikuwa wakicheza, bila kujua, na vijipande vya gitaa alivyovitoa katika santuri ile.

Mwaka 2001 alifungua karakana yake mwenyewe kando ya Toi, na tarehe 13 Desemba 2003, katika kanisa la Friends huko Kawangware, alifunga ndoa na Lavender Kageha, binti wa Vihiga aliyekuwa akishona sare za shule karibu na hapo, na Mungu akawajalia mabinti wawili, Marion aliyezaliwa mwaka 2005 na Nekoye aliyezaliwa mwaka 2010.

Sasa tunafika mahali ambapo Lavender alisema tusiparuke.

Februari 2014, baada ya miezi minne ya kukohoa, Isaac alipimwa akakutwa na kifua kikuu sugu, ile TB ambayo dawa za kawaida haziiwezi, na daktari akawakalisha wote wawili, akawaeleza kwamba kuna tiba, nayo ina sindano kila siku kwa miezi minane, na kwamba sindano hiyo inaponya kifua lakini inaweza kuua masikio. Isaac aliuliza ni watu wangapi hubaki wakisikia, daktari akasema hawezi kumwahidi, na Isaac akanyoosha mkono kuchukua kalamu akatia sahihi.

Kuanzia wiki hiyo alianza kuiaga santuri yake. Alinunua daftari, na kila alipopata nguvu aliusikiliza wimbo mmoja, huo mmoja tu, hata mara ishirini, kisha akaandika ukurasa mzima juu ya kila alichosikia ndani yake, gitaa linaingia wapi, mpiga ngoma anachelewa wapi, mwimbaji anavuta pumzi wapi, ili siku masikio yakifa awe na mahali pa kwenda. Nyimbo hizo alizijua kwa moyo kwa miaka kumi na minane, na Lavender alimwambia aziandike tu kutoka kichwani amalize, lakini alikataa, akasema hawezi kuandika asichokisikia. Mwezi wa Juni matoazi yalipotea, Julai milio ya simu, na kufika Agosti sauti ya Nekoye, ambaye alikuwa na miaka minne na sauti nyembamba, ilikuwa imeanza kumfikia kama ya mtu aliye nyumba ya pili.

Hapo Isaac akaacha kwenda kudungwa. Hakumwambia mtu, aliaga kila asubuhi kama anayeenda kliniki, na siku ya tisa muuguzi Zeinabu alikuja mwenyewe hadi mlangoni Mashimoni kumuulizia, na Lavender akaondoka na kanga yake mabegani, akavuka Kibera nzima akikimbia, akamkuta karakanani amelala kifudifudi juu ya meza, sikio moja limebanwa kwenye spika, daftari wazi pembeni, ukurasa wa wimbo wa ishirini na mbili umejaa.

Alimshika bega, akamgeuza amwone mdomo.

"Baba Marion, leo ni siku ya tisa."

"Zimebaki nne tu," Isaac akasema. "Nipe mpaka Jumapili."

"Na hicho kifua kitangoja Jumapili? Hao Wazungu ndio watanilelea watoto?"

"Unajua unaniambia nifanye nini, Mama Marion?"

"Najua," Lavender akasema. "Inuka, twende."

Isaac aliizima mashine mwenyewe, akafunika santuri, akatembea naye hadi kliniki, akadungwa. Tarehe 3 Oktoba 2014, saa moja asubuhi, Nekoye alimwagikiwa na chai ya moto nyuma ya kiti cha baba yake, akapiga yowe lililowatoa majirani nje, na baba yake akaendelea kufunga viatu. Daftari lile liko nyumbani, na kurasa za nyimbo nne za mwisho hazina kitu hadi leo.

TB ilipona, na cheti cha kupona kilitolewa Februari 2016, na familia inakiri kwamba sindano zile zilimpa miaka kumi na zaidi ya kuishi. Lakini haikuwa miaka rahisi. Kazi ilipungua, kwa maana nani atampelekea fundi kiziwi spika, gitaa lilining'inia ukutani miaka miwili bila kuguswa, na Krismasi ya mwaka 2015, mbele ya shemeji zake, Isaac alisema kwa ile sauti kubwa isiyojua ukubwa wake, "Mimi niliomba mpaka Jumapili tu," na Lavender akaendelea kupakua chakula.

Taratibu walijifunza kuishi. Lavender alizungumza naye kwa kumwandikia maneno kiganjani kwa kidole, mabinti nao vivyo hivyo, na mwaka 2017 Isaac alilishusha gitaa akampa Marion, akamfundisha kwa kuuma kichwa cha gitaa kwa meno ili mtetemo umfikie kwenye fuvu, na akawa anamkemea, "Kamba ya tatu imelegea," na kweli ilikuwa imelegea. Leo Marion anapiga katika kanisa lile lile la Kawangware. Yako mengi mazuri ya miaka hiyo, lakini Lavender ametaka lisemwe na hili, kwamba jioni moja mwaka 2019 alimwandikia mumewe kiganjani, Umenisamehe? na Isaac akamtazama, akasema, "Sijasoma, andika pole pole," na yeye akashindwa kuandika mara ya pili, na hadi leo hajui kama kweli hakusoma.

Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa mbili kasorobo asubuhi, Isaac alikuwa akitembea kando ya reli hapa Kibera, ukingoni kabisa, amebeba begani spika ya kanisa aliyokuwa ameitengeneza, na treni ikatokea nyuma yake. Dereva alipiga honi tangu mbali, watu wakapiga kelele pande zote mbili, na Abdulmajid, jirani yetu anayeuza maji pale karibu na reli, ambaye alimjua kuwa hasikii, aliokota jiwe akamrushia ili ashtuke atoke, jiwe likampata bega la kulia, Isaac akasimama, akageuka kuangalia ni nani amempiga.

Treni ikamgonga hapo aliposimama. Alifikishwa hospitalini akiwa hai. Madaktari walimhangaikia saa sita, na Lavender aliporuhusiwa kuingia alikuta mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi kwenye vidole, hakuna kiganja cha kuandikia, akaweka kidole kwenye paji la uso wa mumewe, akaanza kuandika swali lile lile la mwaka 2019, herufi moja moja, pole pole kama alivyoambiwa, na alikuwa amefika nusu Isaac alipofumbua macho, akamtazama, akayafumba. Saa nane na dakika arobaini mchana alifariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Ameacha mama, mjane, mabinti wawili na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania mwaka 2014 na waliompigania wiki iliyopita, muuguzi Zeinabu aliyepanda hadi mlangoni kwetu wakati angeweza kuandika tu kwamba mgonjwa ametoroka, Mzee Abdelrahim ambaye kwa miaka yake themanini na moja amekesha nasi kila siku ya matanga, wenzake wa Toi, waumini wa Kawangware, na majirani waliong'oa mlango wa nyumba yao wakambebea juu yake.

Mwisho kuna maneno ya Lavender mwenyewe, na ameomba yasomwe kwa sauti ya kufika nje, kwa sababu Abdulmajid amesimama kule nyuma ya hema na tangu Jumanne ile hajala, na kila akiona mtu wa familia hii anageuza njia. Lavender anasema, "Abdulmajid, ndugu yangu, wewe ulirusha jiwe ili mume wangu aishi. Mimi najua ni mzigo gani kufanya lililo sawa, halafu ubaki na mikono yako ukiitazama. Mimi nimeubeba miaka kumi na moja na sijapata wa kunitua, lakini wewe nakutua leo, mbele ya watu hawa wote. Usisimame huko. Njoo ushike jeneza upande wa kichwa, na wazee wamekubali hatutaliinua mpaka ufike."

Isaac Wekulo, baba, mume, fundi, tunamngojea huyu mmoja tu, kisha twende nyumbani ukapumzike kwa amani.