Macho ya Mula Sunula

Kahawa yangu naichemshia hapa mtaani Uskudari, hatua chache kutoka gati la mashua, na benchi langu halikosi watu. Wakubwa wa benchi ni wawili: Wembe, kinyozi wa mtaa, na Mawimbi, mpiga kasia wa zamani ambaye maisha yake yote hajafika mbali kuliko ng'ambo ile pale. Wa tatu wao alikuwa Mula Sunula, mwanachuoni aliyeapa kuizunguka dunia yote na kuiandika. Ana miaka saba tangu aondoke. Sasa mdogo wake kapeleka mashahidi wawili kwa kadhi, kwamba kaka yake kafia mji wa mbali wa Tabrizi, nyumba igawanywe. Mkewe, Bi Humasha, anasema mumewe yu hai, na shemeji yake akishinda hana pa kwenda. Nyumba yenyewe ndiyo hii nyuma ya benchi, dirisha lake la kimia cha mbao liko juu ya vichwa vyetu. Asubuhi hiyo tulikuwa tunamsubiri karani wa kadhi aje atuulize sisi majirani.

— Kafa wapi, alisema Wembe. Yule yuko Hindi. Wameona elimu yake, wamempa uwaziri.

— Waziri wa nini?

— Wa tembo. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye kapewa tembo.

— Hindi wapi, wewe, alidakia Mawimbi. Yuko kwa Wafaranga, Wazungu wale, anawafundisha kuoga.

— Miaka saba?

— Wako wengi, ndugu yangu.

— Na mbona haandiki barua?

— Ataandikaje na mikono imejaa sabuni?

Nilicheka mpaka nikajimwagia kahawa. Mawimbi akaona amepata soko, akasogea mbele.

— Sasa sikieni. Baharia mmoja aliniambia kamwona mwisho wa dunia, kabisa, pale ukingoni. Akainama, akachungulia.

— Akaona nini?

— Kisogo chake. Dunia ni duara, kwa hiyo alikuwa anajifuata mwenyewe. Ndiyo maana hajarudi. Kila akigeuka, anajikuta katangulia.

— Si angejiita tu?

— Kajiita. Lakini yule wa mbele ana kiburi, si unamjua Sunula.

Wembe alifuta machozi ya kicheko kwa taulo la wateja.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama, akasema.

— Hiyo inahusu nini?

— Haihusu. Lakini ni kweli.

Karani akatokea, kidau cha wino kiunoni, msahafu kwapani. Nikampa kikombe. Hakuketi.

— Waungwana, neno langu ni moja. Mashahidi wanasema mtu waliyemzika Tabrizi alikuwa na macho ya buluu. Kadhi anataka majirani wawili waape. Je, Mula Sunula alikuwa na macho ya rangi gani? Kama si ya buluu, kesi imekwisha, mama abaki nyumbani kwake.

Nikamgeukia kinyozi.

— Wembe, nikasema, wewe ulimnyoa miaka kumi.

— Kichwa nimenyoa. Kisogo nitakuchorea hapa hapa.

— Mawimbi?

— Alikuwa msemaji mno. Mimi nilimtazama mdomo, nione pa kumkatiza.

Na mimi je? Nilijua anakunywa vikombe viwili, cha pili anabakiza. Nikaona aibu, nikamwambia karani akamuulize mkewe.

— Mke ana masilahi. Ushahidi wake haupokelewi.

Hapo sauti ikashuka kutoka kwenye kimia.

— Ya kahawia. La kushoto lina kidoa cheusi, chini kidogo ya mboni. Semeni basi, mabwana. Miaka kumi mlikaa naye hapa chini ya dirisha langu, na kidoa kile kinaonekana hata na mpita njia.

Karani akauweka msahafu juu ya benchi, katikati ya vikombe.

— Mmesikia. Nani kati yenu alikiona?

Kusema "mimi" kulitosha. Wanaume hawa walikuwa wamesema uongo tangu alfajiri bila kupumua, lakini msahafu ni msahafu, hakuna aliyenyoosha mkono. Wembe alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Karani alikunywa kahawa yake taratibu mpaka ikaisha, akitupa nafasi. Kisha akachovya kalamu, akaandika, akatusomea ili tuweke alama zetu:

— "Majirani hawakumjua."